Zambarau Kwenye Uzio

Kalafi alikuwa amesema atakuja kusaidia kupaka rangi, lakini tangu asubuhi msaada wake wote ulikuwa wa macho.

"Unaangalia ukuta au unaniangalia mimi?" Lesieli aliuliza bila kugeuka. Alikuwa juu ya ngazi, rola mkononi, kitambaa kichwani, matone ya rangi yamemtapakaa mpaka kwenye viwiko.

"Naangalia ukuta."

"Ukuta uko huku kulia."

"Sasa na wewe umesimama mbele yake, mwenzangu, mimi nifanyeje?"

Lesieli alicheka, na kicheko chake kikatoka dirishani, kikavuka njia mpaka barazani kwa jirani, Mama Tokilupe, ambaye alikohoa kwa nguvu. Kikohozi hicho kilikuwa na kazi yake. Ukoo mzima ulikuwa umempa Mama Tokilupe jukumu la kukaa pale akisuka mkeka na kuhakikisha mlango wa nyumba ile haufungwi wachumba wakiwamo ndani. Mlango ulikuwa wazi, madirisha yalikuwa wazi, na masikio ya Mama Tokilupe yalikuwa wazi kuliko vyote.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo, ya mbao, na kila msumari Kalafi aliupiga kwa mkono wake, kwenye kiwanja cha baba yake nje kidogo ya mji wa Neiafu, huko Tonga. Harusi ilikuwa wiki ijayo. Sebule ilishapakwa rangi ya maziwa na jiko likapakwa njano. Kilichobaki ni chumba cha kulala, na hapo ndipo Lesieli, ambaye kwa mambo mengine yote alisema "utakavyo wewe," alipokaza uzi. Alitaka zambarau. Tena si ile zambarau kali ya mavazi ya kwaya. Alitaka iliyopauka, laini, ya kumfanya mtu ashushe sauti akiingia.

Kuchanganya rangi ndiyo ilikuwa kazi yake kwenye duka la rangi mjini. Kalafi alimwona hapo kwanza, siku alipokwenda kununua rangi ya bati. Kesho yake alirudi kununua rangi ya mlango ambao hakuwa nao, na keshokutwa akarudi kulalamika kwamba rangi ya mlango haimpendezi. Mapenzi ni kikohozi, waliosema hivyo hawakukosea.

Rangi ya chumba hiki Lesieli aliihangaikia kuliko rangi yoyote aliyowahi kumchanganyia mteja. Nyeupe nyingi, bluu kiasi, nyekundu ya kuonjesha, na tone la nyeusi la kuituliza. Alipaka kiraka ukutani akakiangalia asubuhi, akakiangalia mchana, akakiangalia jua likishuka. Cha kwanza kilikuwa kikali. Cha pili jioni kilichujuka, kikawa kijivu cha maji ya kufulia. Cha tatu kilipokauka, alisimama mbele yake akiwa ameweka mkono mdomoni, na Kalafi aliona machozi ambayo hakuambiwa ni ya nini.

"Lesi," sasa alimwambia, "nikuulize tena?"

"Usiulize."

"Kwa nini zambarau? Mimi ungeniambia kijani, ungeniambia nyekundu, sawa tu. Lakini unajua Shangazi Pisila atasema nini."

"Shangazi ataona ukuta, Kalafi. Hataona kitambaa."

Lesieli alijua anachokwepa. Hakuna mtu kisiwani Vava'u asiyejua kwamba vitambaa vya zambarau na vyeusi vikitandazwa pamoja mbele ya nyumba, unavua kofia, unazima redio, na unakwenda kuchukua mkeka wa kupeleka. Pale pana msiba. Lakini ukuta wa ndani ni ukuta wa ndani, na mwenye chumba ndiye anayeuangalia.

"Niambie basi mimi peke yangu," Kalafi alibembeleza.

"Nikikwambia utanionea huruma, na mimi sitaki kuonewa huruma wiki ya harusi yangu."

Alishuka ngazi. Alikuwa na tone la rangi shavuni, chini kidogo ya jicho, na Kalafi hakuweza kuliacha pale. Alinyoosha kidole kulifuta. Kidole kilifika shavuni kikasahau kilichokipeleka. Walitazamana. Lesieli aliona kope zake, aliona mchanga wa saruji kwenye nyusi zake. Alirudi nyuma nusu hatua, kisigino kikagonga ndoo, na rangi iliyobaki ikamwagika yote juu ya mashuka ya zamani waliyotandika kulinda sakafu.

"Kuna nini huko?" Mama Tokilupe aliita.

"Ndoo, mama!" waliitika wote wawili kwa pamoja, na hiyo ilimfanya Mama Tokilupe asiamini hata kidogo.

Lesieli hakuwa mwanamke wa kutupa shuka kwa sababu ya doa. Aliyafua yote kwenye beseni, akasuuza mpaka mikono ikakunjamana. Rangi haikutoka. Ilisambaa tu, ikawa sawasawa, kila shuka zambarau laini ya kupendeza. Kwa kuwa alikuwa na maji na sabuni tayari, alifua pia nguo za Kalafi za Jumapili, mashati na vitambaa vya kiunoni, vyote vyeusi. Kamba ya kuanikia ilikuwa bado haijafungwa. Akavitandaza kwenye uzio wa mbele palipo na jua. Kwa vile alipenda mambo yakae kwa mpangilio, alitandaza shuka, kisha shati, kisha shuka, kisha kitambaa. Kichwani mwake mlikuwa na kidole kile shavuni tu, wala hakuona alichoandika mbele ya nyumba ya watu. Mama Tokilupe naye alikuwa ameanza kusinzia juu ya mkeka.

Wakapanda gari kwenda mjini kuchukua kopo la rangi nyeupe ya dari.

*

Walirudi jua likielekea kuchwa, na Kalafi ndiye aliyeona kwanza.

Njia ilikuwa imejaa magari. Wanawake waliovaa nyeusi, mikeka mikubwa imefungwa viunoni, walikaa uani wakiimba wimbo wa mazishi kwa sauti za chini. Nyuma ya nyumba wanaume walikuwa wanachimba shimo la kupikia, na nguruwe aliyefungwa miguu alikuwa analalamika kwa niaba yake mwenyewe. Barazani mikeka iliyokunjwa ilikuwa imepangwa mpaka dirishani. Na katikati ya baraza, nywele zimeachiwa, alikaa Shangazi Pisila, dada mkubwa wa Mzee Malakai, akilia kilio cha kupasua jiwe.

"Kaka yangu weee! Umeondoka bila hata kuniaga, Malakai! Umeniacha na nani!"

Mzee Malakai ndiye baba yake Kalafi. Mwezi uliopita alilazwa kwa ajili ya kifua, na daktari alimkataza jembe. Asubuhi hiyo alikuwa amechukua jembe.

"Baba," Kalafi alisema. Alilisema kwa sauti ndogo, halafu akaruka kutoka garini kabla Lesieli hajalisimamisha, akapita katikati ya watu, akaanguka magotini mbele ya shangazi yake na kuweka kichwa kwenye mapaja yake. "Baba yangu, Shangazi. Sikuwepo. Nilikuwa dukani nanunua rangi, sikuwepo."

"Lia, mwanangu," Pisila alimwambia, akimpiga mgongoni. "Lia. Sote hatukuwepo."

Lesieli alibaki amesimama kwenye geti akiwa na kopo la rangi mkononi. Machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka yeye pia, maana alimpenda yule mzee. Ndipo upepo ukapeperusha kitu pembeni yake na kumgusa mkono. Alitazama. Lilikuwa shuka. Alitazama uzio wote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Zambarau, nyeusi. Zambarau, nyeusi.

Ilikuwa rangi yake, aliyoichanganya mwenyewe.

Ingekuwa rahisi kukimbia. Alimtazama mwanamume anayempenda akitetemeka pale sakafuni kwa kilio, akajua kwamba kila pumzi anayochelewa kusema ni kisu anachomchoma. Akapita katikati ya waimbaji, akapiga magoti nyuma yake.

"Kalafi," alisema. "Nisamehe. Ni mashuka."

"Nini?"

"Ni mashuka yetu. Yale ya rangi. Nimeyaanika na nguo zako. Hakuna aliyekufa. Nani hapa ameuona mwili? Nani kamwona?"

Wimbo ulikatika vipande vipande, mwanamke mmoja baada ya mwingine. Kila mtu alimtazama mwenzake. Mwisho wote walimtazama Mama Tokilupe.

"Mimi nilishtuka usingizini," Mama Tokilupe alijitetea, "nikaona vitambaa. Nikajua ni Malakai, na kifua kile. Sasa nisilie? Ningekaa tu ninasuka, mngenionaje?"

"Ukampigia nani simu?" Lesieli aliuliza.

"Nilimpigia Shangazi mtu." Akameza mate. "Na kwaya. Na redio."

Hapo ndipo marehemu alipotokea. Alikuja kwa njia ya nyuma, miguu ina udongo, kikapu cha viazi vikuu begani, akasimama kando ya shimo la kupikia na kuwaangalia wachimbaji.

"Poleni, jamani," Mzee Malakai alisema kwa heshima, akivua kofia. "Nani amekufa?"

Mchimbaji mmoja aliacha sururu ikadondoka.

"Ni nani? Mbona mimi sikuambiwa?"

"Ni wewe, mzee," kijana mmoja alisema.

Mzee Malakai alifikiri kidogo. Aliangalia kwaya. Aliangalia mikeka. Alimwangalia nguruwe kwa makini.

"Huyu si nguruwe wa jirani yetu Siosifa? Aliyeninyima hata mguu wa nguruwe Krismasi, akasema mwaka mbaya? Kumbe nilikuwa natakiwa nife!"

Watu walipasuka kwa kicheko, kile cha waliotoka kulia sasa hivi, na Kalafi akamkimbilia baba yake akamkumbatia pamoja na kikapu, viazi vikatawanyika kila upande. Lesieli alicheka na kulia palepale barazani. Alidhani yameisha.

Shangazi Pisila hakucheka. Alisimama taratibu, akakusanya nywele zake akazifunga, akashuka uani mpaka alipokuwa kaka yake. Hakumgusa. Kaka na dada wa Tonga waliolelewa kwa adabu hawashikanishikani, hata siku kama hiyo. Alimtazama kuanzia miguuni kwenye udongo mpaka kichwani kwenye mvi, kisha akainama, akaokota kiazi kimoja, akakipima uzito mkononi kwa muda mrefu, akakirudisha kikapuni.

Halafu akageuka. "Ni nani aliyepaka mashuka haya ya msiba?"

"Ni mimi, Shangazi," Lesieli alisema, akiinamisha kichwa. "Hayakuwa ya msiba. Ilimwagika rangi ya chumba."

"Chumba gani?"

Lesieli alitazama kopo mkononi mwake.

"Nimeuliza chumba gani."

"Chumba cha kulala, Shangazi. Chetu."

Pisila aliingia ndani bila kuvua mkeka wa kiunoni, na watu wakajisogeza madirishani. Alisimama katikati ya chumba. Jua la jioni lilikuwa linaingia kwa pembeni, na kuta, ambazo zilikuwa zimekauka vizuri, zilikuwa na zambarau ile ambayo Lesieli aliipigania, tulivu, yenye joto kidogo upande wa dirisha. Kama angeiona mtu asiyetoka kwenye kilio, angeipenda.

"Chumba cha maharusi," Pisila alisema. "Mtoto wa kaka yangu alale humu? Nimepita njia yote kutoka kijiji cha Leimatu'a nikimlilia ndugu yangu. Nimeachia nywele. Nimebeba mkeka niliomwekea wa kulazia mwili wake, niliousuka kwa mikono hii. Nimemzika leo, unasikia, binti? Nimeshamzika moyoni. Kwa sababu ya rangi yako."

"Nisamehe, Shangazi."

"Kusamehe nimesamehe. Ukuta haujasamehewa." Alionyesha kopo alilokuwa bado amelishika Lesieli. "Hiyo ni nyeupe? Kalafi!"

"Naam, Shangazi."

"Chukua brashi. Funika kitu hiki, sasa hivi, niangalie kwa macho yangu. La sivyo wiki ijayo msiniwekee kiti."

Dada wa baba ndiye kichwa cha ukoo. Harusi anayoikataa yeye haifungwi, hata kama keki imeshaokwa na mchungaji amekwisha vaa joho. Mzee Malakai mwenyewe, aliyekuwa amefufuka muda si mrefu, alitazama chini.

Kalafi alichukua kopo mkononi mwa Lesieli. Vidole vyao vilikutana, lakini hakumtazama. Alifungua kifuniko kwa bisibisi, akachovya brashi, akasogea ukutani, akavuta mstari mmoja mweupe, mpana, kutoka usawa wa bega mpaka kiunoni.

Kitu fulani ndani ya Lesieli kilikaa chini, kimya, kama alivyokuwa akikaa utotoni kwenye nyumba za watu. Alijua kukaa hivyo. Aligeuka kuondoka, na wakati anageuka, macho yao yakakutana.

Kalafi alishusha brashi.

Hakuinua sauti, wala hakumbishia shangazi yake. Mtoto wa Kitonga hambishii dada wa baba. Alikwenda akakaa sakafuni mbele ya Pisila, miguu amekunja, kichwa chini ya kiwiko chake, matone meupe yakimdondokea gotini.

"Shangazi," alisema. "Mimi ni wako. Nyumba hii ni yako. Ukisema nipake, nitapaka mpaka asubuhi. Lakini nakuomba kitu kimoja kabla sijaendelea."

"Omba."

"Muulize kwa nini. Mimi hajaniambia. Nimemuuliza mpaka nimechoka. Lakini nimeuona uso wake sasa hivi, na sijawahi kumwona hivyo. Nikiendelea bila kujua, sitakuwa nafunika ukuta, Shangazi. Nitakuwa namfunika yeye. Na mtu niliyemfunika siwezi kumwoa."

Mama Tokilupe, dirishani, alipiga chafya ya machozi.

Pisila alimtazama Lesieli. "Haya. Kwa nini?"

"Si kitu, Shangazi. Apake tu."

"Binti, nimelia leo kwa mtu aliye hai. Usinichoshe. Kwa nini?"

Lesieli alishika ukingo wa mlango. Maneno hayakuwa na mpangilio, kwa sababu hakuwahi kuyasema kwa mtu.

"Mama yangu alikufa nikiwa mdogo. Huko visiwa vya Ha'apai. Walitandika zambarau nyumba nzima, ndani na nje, mpaka madirishani. Mimi nilikuwa silali ila pale pale kwenye mikeka, karibu naye, na hata walipomzika niliendelea kulala pale. Asubuhi jua lilipokuwa linapita kwenye vile vitambaa, chumba kizima kilikuwa hivi." Alionyesha ukuta kwa kidevu. "Hivi hasa. Na kila nilipoamka nilikuwa mapajani mwa mtu. Kila mtu alinishika. Hakuna aliyeniambia nyamaza, hakuna aliyeniambia ondoka hapa. Halafu siku zikaisha, wakavua vitambaa. Baba akaoa, mama wa kambo akapaka nyumba nyeupe, na jina la mama halikutajwa tena. Mimi nikapelekwa kwa huyu, nikapelekwa kwa yule. Watu wazuri, sisemi. Lakini nilikuwa nalala kwenye vyumba vya watu, Shangazi. Hiki ni cha kwanza changu. Kwenu zambarau ni rangi ya mtu kuondoka. Kwangu mimi ni rangi ya mwisho niliyoshikwa ndani yake."

Alifuta uso kwa mkono wa rangi. "Nilitaka tu niamke ndani yake tena, siku moja, nikiwa sijaachwa. Apake. Nimeshasema, basi."

Kalafi alikuwa bado sakafuni. Hakumwendea, maana watu walikuwa wanatazama na shangazi yake alikuwa amesimama, lakini macho yake yalimwendea yote. Lesieli aliona kwamba hakukuwa na huruma ndani yake, ile aliyoiogopa. Kulikuwa na mtu aliyefunguliwa mlango na sasa hataki kutoka.

Pisila aligusa ukuta kwa kiganja, mahali palipokauka.

"Marehemu mume wangu alipofariki," alisema, akiuambia ukuta, "vitambaa nilivivua mimi mwenyewe kabla siku za msiba hazijaisha. Sikuweza kuviona. Nikapaka chumba nyeupe, wakanisifu, mwanamke jasiri. Mpaka leo usingizi mle ndani naupapasa."

Kisha akageuka kwa ukali wake wa kawaida.

"Mikeka iko wapi?"

"Barazani, Shangazi," Mama Tokilupe alijibu haraka, akiona nafasi ya kurudi kundini. "Yote. Tuwarudishie wenyewe?"

"Umerogwa? Mkeka ukipelekwa msibani haurudi kwa aliyeuleta. Ukirudi, unarudi na msiba. Nani hapa anataka wake?"

Hakuna aliyetaka wake. Wengine walirudi nyuma kidogo.

"Basi leteni humu."

Ikaletwa. Wanawake waliokuja kuzika waliingia wakitandaza, mkeka juu ya mkeka, na kitambaa cha gome la mti juu yake, na mkeka tena, jinsi kitanda cha harusi kinavyotandikwa, kwa kuwa ukipunguza kilio, kazi ni ile ile. Pisila aliwaelekeza kwa kidole: huu vuta, ule geuza, huyo nani aliyewafundisha. Kalafi alikuwa amesukumwa mpaka pembeni, na Lesieli pembeni hiyo hiyo, bega kwa bega, na katikati ya vurugu mkono wa Kalafi ukaushika wa Lesieli, rangi nyeupe na rangi ya zambarau, na Mama Tokilupe safari hii hakukohoa.

"Na ule mstari?" mmoja aliuliza, akionyesha doa jeupe ukutani. "Aupake zambarau?"

"Uacheni," Pisila alisema. "Kalafi akitaka kujisahau aangalie alipoishia." Akamgeukia Lesieli. "Na wewe. Mashuka kuanzia leo unaanika nyuma ya nyumba."

"Ndiyo, Shangazi."

"Nitakuja kuangalia."

"Karibu, Shangazi. Wakati wowote."

Mwisho kabisa Pisila alifungua mkeka wake mwenyewe. Ulikuwa mwembamba, laini wa kukunjika mkononi, wenye rangi ya asali, na wanawake wote walinyamaza, maana kila mmoja alijua miaka inayoingia kwenye mkeka wa namna hiyo. Akapiga magoti, akautandaza juu ya mingine yote, akauvuta pembe, akaunyoosha kwa viganja.

Mzee Malakai alikuwa ameegemea mlangoni akiangalia, kiazi kikiwa bado mkononi.

"Dada," alisema taratibu. "Huo si ulikuwa wangu? Wa kunizikia?"

"Ulikuwa wako."

"Sasa mimi nikifa je?"

Pisila hakugeuka. Aliendelea kuunyoosha mkeka ule wa dhahabu kwenye chumba cha zambarau, polepole, kana kwamba ana siku nzima.

"Itabidi usubiri nisuke mwingine," alisema. "Na mimi siku hizi nasuka polepole sana."